Risasi za Njugu Mawe

Wiki jana nilimfokea binti yangu mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama ni heri. Na kosa lenyewe, nikikwambia utacheka. Nilikuwa nimepitia soko la Gikomba, nikamkuta mama mmoja ametandaza gunia, juu yake njugu mawe, anazipima kwa mkebe. Nikanunua mkebe mmoja. Usiniulize kwa nini, maana mimi njugu mawe sili. Kufika nyumbani nikaziweka mezani, nikaingia jikoni kubandika chai, na niliporudi mtoto alikuwa amepanga vikombe vya plastiki dirishani, anavitupia njugu moja moja, mdomo ukilia "paa! paa!"

"Wacha! Hizo ni mbegu za mtu!"

Yaani hata sauti yangu sikuijua. Mtoto akaangua kilio. "Mami, ni njugu tu. Si umenunua leo?" Alisema kweli. Nikapiga magoti nikaanza kuziokota chini ya viti, na aibu niliyodhani nimeizika zamani ikaja ikakaa nami pale pale sakafuni. Mimi nawe tumetoka mbali, acha nikupe kisa chote.

Nimezaliwa Makongeni, kwenye nyumba za reli. Baba alikuwa fundi wa mabehewa. King'ora cha karakana ndicho kilichotuamsha, ndicho kilichotuambia baba anakuja kula, na mama alikuwa akisonga ugali kwa kukisikiliza. Nyumba ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua. Huku wazazi, huku sisi, na katikati stovu ya mafuta taa iliyonuka hata kwenye sare za shule.

Kama ulikulia Eastlands miaka ile ya tisini, ukauboi sina haja ya kukueleza. Kulikuwa na kibanda cha video cha mabati, na kila Jumapili baada ya kanisa tulijazana humo kutazama wazungu wakipigana risasi vumbini. Lugha yao hatukuishika hata kidogo, waliongea kwa pua. Lakini bunduki tulizielewa vizuri sana. Tukitoka, kila mtu alitembea miguu imetanuka kama ameshuka juu ya farasi, na farasi wenyewe tulikuwa hatujawahi kuwaona isipokuwa wale wa polisi siku za gwaride.

Basi kila mtaa ukawa na kundi lake, na Jumamosi tulikuwa tukisafiri kwenda kushindana. Ndiyo, tulisema kusafiri, ingawa ilikuwa kutembea kwa miguu kutoka Makongeni mpaka Kaloleni, au kuvuka Jogoo Road kwenda Maringo. Tulijiandaa wiki nzima. Kundi letu lilikuwa la watu wanne. Kapteni alikuwa kijana wa mlango wa pili, baba yake dereva wa treni, naye alijiita Sherifu wa Reli. Mapacha wa nyumba za nyuma walijiita Wafu Wawili. Msichana pekee nilikuwa mimi, umri miaka kumi na mmoja, na jina langu lilikuwa Daktari wa Risasi.

Bastola zetu kapteni alizichonga kwa vipande vya mbao alivyookota kwa maseremala wa Gikomba. Juu alichimba mfereji mwembamba, mbele akafunga mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baisikeli, nyuma akaweka kibanio cha nguo. Unavuta mpira, unaubana na risasi yako, ukifinya kibanio risasi inatoka. Kila mmoja alikuwa na bastola mbili na bunduki moja ndefu. Kofia na vizibao tulichagua kwenye rundo la mwisho la mitumba, pale wanapotupa visivyonunulika. Mimi nilivaa kizibao cha mzee fulani wa ulaya, kilinifika magotini.

Sheria zilikuwa kali. Mikebe kumi ya mafuta ya kupikia ilipangwa juu ya ukuta. Ukifika kwenye mstari unatangaza jina lako kwa sauti, unaongeza "na sikosi!", halafu refa anaanza kuhesabu. Mawe yalikuwa marufuku. Mtoto mmoja wa mtaa wa Mbotela nusura apoteze jicho, na kina mama wa mitaa yote walikubaliana kwamba wakiona jiwe ndani ya bunduki, ni bunduki zote jikoni, ziwe kuni. Kwa hivyo risasi zilikuwa za udongo. Na risasi ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Sitajisifu, lakini nilikuwa na mkono. Nilichota udongo mweusi kando ya mto nyuma ya reli, nikaukanda kama unga wa chapati, nikafinyanga vidonge sawasawa, vyote ukubwa mmoja, nikavianika juu ya bati. Mapacha walisema nimezaliwa na mashine viganjani. Shida ni kwamba udongo ni udongo. Ulipasuka ndani ya mfereji, au uligusa mkebe ukageuka unga. Kaloleni walituumbua vibaya. Mikebe mitatu tu! Tulirudi nyumbani tukisindikizwa na watoto wakiimba, "Wauza vumbi! Wauza vumbi!" Kapteni alinipa kisogo njia nzima, na hilo liliniuma kuliko wimbo.

Sasa, nyanya yangu.

Kwetu tunamwita kukhu. Alikuwa ameletwa Januari kutoka Butere, kwa treni, baba akimkatia pasi ya wafanyakazi wa reli. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Mwanga aliuona, kivuli alikiona, sura hakuiona. Kila alipopelekwa hospitali aliambiwa arudi mwezi ujao. Alikuja na kuku mmoja, kitenge kimoja cha kubadilisha, na mfuko wa kitambaa uliojaa njugu mawe. Tsimbande, alivyoziita.

Mama alimwuliza, "Sasa mama, mbegu za nini Nairobi? Utapanda kwenye lami?"

Kukhu alicheka. "Mwanamke hulala pale mbegu yake ilipo. Nikiiacha kule, panya na mke wa mwanangu wataila." Alimaanisha mke wa amu yangu, waliyekuwa wakitaniana naye kila siku.

Nililala naye kitanda kimoja, na mfuko chini yetu. Aliniambia mbegu zile alipewa na mama yake siku aliyoolewa, na mama yake alipewa na wake. Hazikuwa kama za sokoni, zake zilikuwa nyekundu zenye madoa meusi, kama mayai ya kwale. Kila mwaka alikula kidogo, akapika kidogo kwa wageni, na mbegu akaiweka kando, akaichanganya na majivu isiliwe na fukusi. "Nawe siku yako ikifika," aliniambia, "nitakukatia nusu. Usiniambie hutalima. Hata ukipanda kwenye sufuria, panda."

Mimi ndiye niliyemshika mkono kwenda chooni, kwenda bombani, kwenda kuota jua nje ya mlango akichambua mrenda kwa vidole. "Huyu ndiye macho yangu," aliwaambia majirani. Nilisimama hapo nikijiona mtu.

Kila wiki alitoa mfuko, akauweka sikioni na kusikiliza kama kuna mdudu anayetafuna. Wiki ile baada ya aibu ya Kaloleni, alipoufunga, njugu moja ilianguka ikabingirika mpaka kwenye mguu wangu. Nikaichukua nimrudishie. Lo! Ilikuwa duara, ngumu, laini, na ilitosha ndani ya mfereji wa bastola kama iliyopimwa na fundi. Nikatoka nayo nje, nikalenga kopo juu ya ukuta wa choo. Likaanguka kwa mlio ambao nikifumba macho bado nausikia.

Nilianza na kiganja kimoja. Mwizi yeyote atakwambia hivyo. Jumamosi hiyo Maringo tulipiga mikebe tisa, watu wakaacha kuimba. Kapteni aliniuliza nimetoa wapi risasi, nikasema, "Siri ya daktari." Wiki iliyofuata nikachukua viganja viwili. Huko mtaa wa Bahati tukapiga yote kumi.

Lakini mfuko ulianza kulegea, na kukhu angeushika. Basi nikafanya jambo ambalo hata leo nikiliwaza nataka kujificha chini ya meza. Vile vidonge vyangu vya udongo, vilivyokataliwa na bunduki, nikavifinyanga upya kwa kipimo cha njugu. Nikavianika, nikavisugua kwa kitambaa mpaka vikawa laini, nikavipaka majivu. Kisha, kukhu akiwa nje anaota jua, nikavimimina ndani ya mfuko. Juu nikaacha safu ya njugu za kweli, ili akiingiza mkono akutane nazo. Ona akili hiyo! Akili ambayo mwalimu wa hesabu aliitafuta kwangu mwaka mzima asiione.

Siku yake ya kukagua ilipofika, nilijifanya nafunga viatu. Aliingiza vidole, akachota, akazipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Akaweka mfuko sikioni, akatulia.

"Kimya," akasema. "Hakuna hata mdudu mmoja." Akaupima mkononi, uso ukamng'aa. "Tena zimenona! Wewe mtoto, njoo ushike. Nairobi imezinenepesha."

Nikashika mfuko, nikasema, "Ni kweli, kukhu. Ni nzito."

Fainali ilikuwa Jericho, katikati ya Machi. Zawadi ilikuwa kofia ya kauboi halisi, ya ngozi ya kahawia, ambayo kijana mmoja wa huko alipewa na mjomba wake mwuza mitumba. Tulitoka asubuhi kapteni mbele, bastola kiunoni, watoto wadogo wakitufuata mpaka kona. Niliibeba risasi yote iliyobaki ndani ya soksi ya baba. Tulipiga, nao wakapiga, mchana ukapita, na mwisho tukawa sare na wenyeji. Refa akasema mshindi ataamuliwa na mpigaji mmoja kila upande, mikebe mitano. Makongeni wakanichagua mimi. Nikaikung'uta soksi. Ilikuwa tupu.

Hapo ndipo mama mmoja alipotoka nyumba ya pembeni na ndoo ya nguo za kuanika. Alikanyaga kitu, akainama, akatafuta nyasini, akaokota moja, akaokota nyingine, akaendelea mpaka kiganja kikajaa. Akatutazama sote, akaja moja kwa moja kwangu, sijui alinijuaje. Labda ni uso wangu.

"Hizi si za kuchezea," akaniambia, taratibu, kwa lafudhi ya kwetu. "Hizi nyekundu siku hizi hazipatikani. Hizi ni mbegu za mtu. Zirudishe kwa mwenyewe." Akanimiminia mkononi, akarudi kwa nguo zake.

Nilizihesabu kwa macho. Zilitosha kabisa kuanzisha mstari mzuri shambani, na mwaka ujao mistari mitatu. Rafiki yangu, nilikuwa na nafasi hiyo mkononi, imepashwa moto na kiganja cha mama wa watu.

"Manze, harakisha!" kapteni akaita. "Wanasema umeogopa."

Nikafika kwenye mstari. "Mimi ni Daktari wa Risasi, na sikosi!" Na sikukosa. Mikebe mitano. Zilizobaki mapacha walizifyatua hewani kwa furaha, zikaruka juu ya paa za Jericho, na mimi nilikuwa nacheka.

Nilirudi na kofia kichwani. Kukhu aliipapasa ukingo wake, akasema, "Kofia ya mtu mkubwa. Nani kakupa?" Nikasema nimeshinda. Akanishika mashavu, akanipongeza.

Mvua ya kwanza ilipogonga mabati, kukhu akasema anaondoka. Baba alimsihi angoje macho. "Macho yatangoja," akajibu. "Mvua haingoji mtu." Tulimsindikiza stesheni. Alipanda treni ya Kisumu, huko abadilishe aingie ya Butere, na mfuko wake wa udongo aliukumbatia kifuani muda wote. Mizigo mingine aliwaachia watu wambebee. Ule hakumpa mtu.

Likizo ya Aprili mama alinichukua tukaenda kumtembelea. Nilijaribu kuugua, nikatafuna hata sabuni kidogo, haikusaidia. Tulimkuta shambani amepiga magoti, anapapasa ardhi kwa vidole, mstari kwa mstari. Mstari wa kwanza ulikuwa umeota, majani matatu matatu, mazuri kabisa. Wa pili ulikuwa na miche miwili. Baada ya hapo, mpaka mwisho wa shamba, hakukuwa na kitu. Mvua ilikuwa imeyeyusha kazi ya mikono yangu, udongo umerudi kuwa udongo, hata alama haikubaki. Miche ile michache nayo, kabla hatujaondoka, kondoo wa jirani alikata kamba akaimaliza.

"Nimefukua," kukhu alimwambia mama. "Hata ganda silioni. Sijawahi kuona mbegu ikioza hivyo." Akakaa chini, akaweka mikono mapajani, viganja juu. "Basi. Mkono wangu umekufa."

Kwetu wazee walisema mkono hufa kabla ya mtu. Mbegu ikikukataa, huombi nyingine, maana utaua na ya wenzako. Majirani walimletea mbegu, akazikataa kwa heshima. Jioni hiyo alichukua jembe lake, lile lenye mpini ulioingia umbo la vidole vyake, akampa mke wa amu. Yule aliyekuwa akimtania kila siku hakuwa na utani. Alilipokea kwa mikono miwili, machozi yakimtoka.

Mimi nililia kuliko wote. Nilisimama mbele ya kukhu nikafungua mdomo, na neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Akanivuta kwake. "Nyamaza, mjukuu wangu. Si kosa lako, ni uzee." Wanawake waliokuwapo wakasema, tazama mtoto mwenye roho. Nikasifiwa! Nilikula mpaka mguu wa kuku siku ile, kwa sababu ya roho yangu nzuri.

Agosti hospitali ikamwita, akaja tena kwetu Nairobi, na safari hii wakampasua macho. Bandeji ilipotoka, alikuwa kama mtoto. Alitazama pazia la maua akacheka, akatazama sura ya baba akasema umezeeka, akanitazama mimi muda mrefu. Wiki hiyo alipitia kila kitu ndani ya nyumba, akikishika na kukiinua kwenye mwanga.

Siku moja nilitoka shule nikamkuta ameketi kitandani. Mapajani alikuwa na kopo langu la siagi, nililolificha nyuma ya gunia la mkaa. Ndani kulikuwa na vidonge vya udongo vilivyobaki, vimepakwa majivu. Alikuwa amefumba macho, macho yake mapya, na anakipitisha kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada. Nikasimama mlangoni na mkoba mgongoni.

"Hizi ulitengeneza wewe?"

"Ndiyo, kukhu."

"Zote ukubwa mmoja." Akafumbua macho akanitazama. "Una mkono mzuri."

Kisha akangoja. Hakukasirika, hakuinua sauti. Alingoja tu, na king'ora cha karakana kikalia, na nje watoto walikuwa wanaita jina langu la ukauboi. Nikasema, "Wananiita, kukhu." Nikatoka.

Hakuniuliza tena. Wala hakumwambia mtu. Aliporudi nyumbani tulisikia amemwomba mke wa amu jembe lake, na akalima mahindi na maharagwe miaka mingi. Watu walishangaa, walisema ni macho mapya yaliyofufua mkono. Lakini tsimbande hakupanda tena, na nilipoolewa alinipa blanketi. Amekwisha kufa sasa. Treni ya Butere nayo haiendi, karakana haitoi kelele, kapteni yuko ng'ambo, kofia ilioza kwenye dari. Hayo yote dunia imeyachukua yenyewe. Zile njugu nyekundu nilizichukua mimi, na kila ninapopita soko ninazitafuta. Naona nyeupe, naona za kahawia. Nyekundu zenye madoa sijawahi kuziona.

Jana nilimketisha binti yangu nikamweleza yote, kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza huku akichezea zile njugu za Gikomba.

"Kwani ungemwambia angekuchapa?"

"Hapana," nikasema. "Kukhu hakuwahi kumchapa mtu."

Mtoto akanitazama kama anayengoja jibu lililobaki.

"Sasa?"